Reli ya umeme ya Dabuka–Harare: kosa lilikuwa kuiweka, au kuiacha ife?

Kutoka yadi ya Dabuka, kusini mwa Gweru, hadi Harare kuna takriban kilomita 313 za reli nyembamba ya milimita 1,067. Mwaka 1983, miaka mitatu tu baada ya uhuru, Zimbabwe ilizindua nyaya za umeme juu ya njia hiyo: msongo wa kilovolti 25, mfumo ambao Tanzania imeuchagua kwa SGR yake. Vilinunuliwa vichwa 30 vya treni vya aina ya EL1. Mwaka 2008 umeme ulizimwa na haujarudi. Vichwa vile vilibaki kwenye yadi bila kazi, na kwa sehemu kubwa ya njia nguzo zimesimama hazina kitu cha kubeba.

Kila mazungumzo ya kufufua shirika la reli la nchi hiyo, NRZ, yanapoanza, hoja mbili hugongana. Upande mmoja unasema mradi ule ulikuwa anasa ya nchi changa iliyotaka kuonekana ya kisasa, na pesa zake zingetosha kuyaweka hai matawi ya mikoani yanayoelekea Masvingo, Shamva na Zawi. Upande wa pili unasema reli iliuawa kwa uzembe, wizi na mgao wa umeme, kwa hiyo turudishe nyaya na mizigo itarudi. Kila upande una nusu ya ukweli, ila wote wawili wanachanganya maswali mawili tofauti. Kuutunza mfumo uliokwisha kujengwa ni hesabu moja. Kuujenga upya baada ya kuporwa ni hesabu nyingine kabisa, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na hoja ya anasa. Mpango uliiva katika miaka ambayo mafuta yalikuwa yamepanda bei mara mbili, 1973 na 1979. Zimbabwe haina bahari wala visima. Dizeli yake ilitegemea njia ya Msumbiji, pamoja na bomba la kutoka Beira hadi Feruka karibu na Mutare, katika eneo ambalo vita viliendelea kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine ilikuwa na maji ya Kariba na makaa ya Hwange, ambako kituo kikubwa cha kufua umeme kilikuwa kinaanza kazi miaka hiyohiyo. Hofu ya dizeli ilikuwa kubwa kiasi kwamba tangu 1979 shirika lilikuwa linazikarabati upya injini za mvuke za Garratt zipatazo 87, wakati nchi nyingine zilikuwa zinazikata vyuma. Umeme na mvuke vilikuwa majibu mawili ya swali moja: tutaendeshaje treni mafuta yakikatika?

Hata njia haikuchaguliwa kiholela. Gweru, Kwekwe, Redcliff, Kadoma, Chegutu, Norton na Harare ndiyo iliyokuwa mshipa wa viwanda. Redcliff palikuwa na kiwanda cha chuma cha ZISCO, mteja ambaye kila injinia wa reli anamtamani: anapokea madini na makaa kwa maelfu ya tani na kutoa chuma kwa maelfu ya tani, mwaka mzima, bila kusubiri msimu wa mavuno.

Udhaifu ulikuwa kwingine. Kilomita 313 zile zilikusudiwa kuwa awamu ya kwanza, lakini awamu nyingine hazikuja. Umeme ukabaki kisiwa kilichozungukwa na dizeli. Makaa ya Hwange yalivutwa kwa dizeli au mvuke kupita Bulawayo hadi Dabuka, yakabadilishiwa kichwa pale, yakafika Harare kwa umeme. Mzigo wa kwenda Mutare ulibadilishiwa kichwa tena. Kwenye karatasi kubadili kichwa ni jambo dogo: unafungua kichwa cha kwanza, unakiondoa, unaleta cha pili, unaunganisha mipira ya breki, unajaza mfumo, unapima breki hadi behewa la mwisho, unasaini fomu. Mambo yakienda sawa hiyo ni saa moja hivi. Kichwa kinachosubiriwa kisipokuwa tayari, treni inalala yadini. Na kwa kuwa reli za pembeni za kuingia viwandani na maghalani kwa kawaida hazivutiwi nyaya, vichwa vya dizeli vya kupanga mabehewa lazima vibaki kwenye njia ileile ya umeme. Kwa hiyo shirika lililipia karakana za aina mbili, mafundi wa aina mbili na stoo mbili za vipuri, ilhali faida ya umeme iliishia Dabuka.

Mafundi wengi wa reli wangekubali kwamba njia fupi ya umeme inalipa kama mizigo inaanzia na kuishia ndani yake. Katanga, ambako reli ilianza kuwekewa umeme mwaka 1952, ililipa kwa sababu migodi, viyeyushio na mabwawa ya umeme vilikuwa katika eneo moja. Dabuka–Harare ilikuwa na ZISCO tu iliyokaribia sifa hiyo.

Sasa tuangalie jinsi ilivyokufa, kwa sababu hapo ndipo wanaodai "irudishwe tu" wanapopita haraka.

Mfumo wa kilovolti 25 hulishwa na vituo vya kupoza umeme vinavyokaa, kwa mpangilio wa kawaida, kila kilomita 40 hadi 60. Kwa urefu ule unahitaji vituo sita hadi vinane. Kila kituo huchukua umeme kutoka jozi moja ya fezi za gridi, na jirani yake huchukua jozi nyingine ili mzigo usiegemee upande mmoja. Kati yao huwekwa kipande cha waya kisicho na umeme, ambacho dereva hukipita kwa mwendo wa mserereko huku amekata nguvu. Gridi ikiwa imara hakuna anayeona lolote. Gridi ikichoka, volti kwenye waya hushuka, kichwa hupoteza nguvu mlimani, na treni mbili zikipanda kwa wakati mmoja kati ya vituo viwili, mitambo ya kinga hukata umeme. Treni nzito iliyosimama mlimani bila umeme huziba njia moja nzima, hata kwa zile za dizeli zinazoifuata.

Mgao wa umeme uliongeza balaa la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Waya wenye kilovolti 25 unajilinda wenyewe. Mwizi anajua atakufa kabla hajaugusa. Waya uliozimwa ni shaba inayoning'inia. Umeme ukikatika saa chache kila siku, kwa ratiba inayojulikana na kila mtu, mwizi amepewa ratiba ya kazi. Huanza na vitu vya chini: nyaya za kutuliza umeme ardhini, viunganishi vya shaba kati ya vipande vya reli, mafuta ya transfoma. Hivi vikiondoka treni inaweza kuendelea kwa muda, lakini si salama, maana mkondo unaorudi kupitia reli hukosa njia yake na volti hupanda mahali ambapo watu wanavuka kwa miguu. Kisha hufuata vyuma vizito vinavyouvuta waya ubaki umenyooka. Vikiibwa, waya hulegea, kikono cha juu ya kichwa cha treni hujinasa, na treni moja huangusha mamia ya mita za waya kwa mkupuo. Mwisho ndipo waya wenyewe hukatwa.

Thamani ya kinachoibwa inasikitisha. Waya unaoguswa na kikono, ukiwa na unene wa kawaida wa milimita za mraba 107, una karibu kilo 0.96 za shaba kwa kila mita. Kilomita 313 ni takriban tani 300. Kwa bei ya dola 9,000 kwa tani, hiyo ni dola milioni 2.7 katika soko la dunia, na mwizi anayeuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu hapati hata nusu. Kuirudisha njia yote, pamoja na nguzo zilizoharibika, vihami, transfoma, swichi na upimaji, hakuwezi kushuka chini ya dola milioni mia moja kwa makadirio yoyote ya kweli.

Mwaka 2008 kila kitu kilikutana. Mfumuko wa bei ulikuwa umeifanya sarafu kuwa karatasi, vipuri vya nje havikununulika, gridi ilikuwa hoi, na ZISCO ilisimama. Kuzima umeme mwaka ule hakuhitaji ujasiri wala ujinga. Hapakuwa na chaguo lingine. Kosa lilikuwa kuzima bila kufunga. Mfumo wa nyaya unaweza kulazwa kwa utaratibu: unateremsha waya wa shaba kipande kwa kipande na kuuviringisha kwenye magurudumu ya mbao, unauhifadhi mahali penye ulinzi au unauuza wewe mwenyewe kwa mnada, unatoa mafuta ya transfoma na kuyahifadhi, unafungia swichi ndani, unaacha nguzo na misingi yake. Inahitaji treni ya matengenezo, kikosi cha watu kama ishirini na miezi kadhaa. Hata shirika lililofilisika lingegharimia kazi hiyo kwa sehemu ya shaba yenyewe. Kuiacha juu kwa matumaini kwamba mambo yatatulia ndiko kulikoifilisi.

Je, irudishwe? Hapa tuweke hesabu mezani. Takwimu hizi ni za kukadiria, si vitabu vya NRZ, na yeyote anaweza kubadili kipimo kimoja akaona jibu linavyosogea.

Treni yenye uzito wa tani 1,500 pamoja na mabehewa, ikibeba tani 1,000 za mzigo, ikitumia lita 5 za dizeli kwa kila tani 1,000 inazozisogeza kilomita moja, itakunywa karibu lita 2,350 kutoka Dabuka hadi Harare. Kwa dola 1.20 kwa lita ni dola 2,820 hivi. Kwa umeme, ukichukua uniti 20 kwa kazi hiyohiyo, inahitaji uniti 9,400. Kwa senti 12 ni dola 1,130. Umeokoa karibu dola 1,690. Ikirudi tupu na tani 500 unaokoa kama 560. Safari ya kwenda na kurudi: dola 2,250.

Matengenezo ya nyaya na vituo, kwa dola 10,000 kwa kilomita kwa mwaka, ni dola milioni 3.1. Ukigawanya unapata safari kama 1,390 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya nne kwa siku, ambazo ni sawa na tani milioni 1.4 za mzigo. NRZ ilipokuwa imeporomoka hadi kubeba karibu tani milioni 3 kwa mwaka katika mtandao wake wote, kama nusu ya hizo ingepita njia hii, basi mfumo uliokwisha kulipiwa ungejilisha wenyewe, tena kwa shida.

Sasa ongeza ujenzi. Kwa dola 400,000 kwa kilomita, bei ambayo wakandarasi wengi wangeiona ya huruma, unahitaji dola milioni 125. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 8 unakudai dola milioni 11 kila mwaka. Jumlisha matengenezo, na unahitaji safari 6,300: zaidi ya tani milioni 6 juu ya njia hii moja. Hiyo ni mara mbili ya mzigo wa nchi nzima katika miaka yake mibaya. Nimeacha pembeni faida za kweli za vichwa vya umeme: nguvu zaidi kwa kila kichwa, matengenezo machache, hakuna injini ya kufumua. Hata ukiziongeza, pengo halizibiki. Katika miaka ambayo shirika lilikuwa likibeba tani zaidi ya milioni 12, hesabu ilikuwa na maana. Waliopanga miaka ya mwisho ya 1970 walikuwa wanaangalia mzigo uliokuwepo.

Kwa hiyo upande unaosema "usirudishe" unashinda kwa sasa, lakini si kwa sababu unayoitoa. Hoja yake kwamba umeme ulikula pesa za matawi haiendani na mpangilio wa matukio. Matawi yalikufa kwa kukosa mzigo, na mzigo uliondoka kwa sababu zinazojulikana. Soko la usafiri lilipofunguliwa kuanzia 1991, malori yalichukua kwanza bidhaa zenye thamani. Baada ya 2000 uzalishaji wa mashamba makubwa ulianguka, na pamoja nao mahindi, mbolea na tumbaku zilizokuwa zinajaza mabehewa. Reli binafsi ya Bulawayo–Beitbridge, iliyofunguliwa 1999, ilivuta mizigo ya kupita kwenda Afrika Kusini na kuiondoa kwenye njia ya shirika inayopitia Rutenga. Nyaya hazina lawama katika lolote kati ya haya.

Lakini upande unaosema reli ya umeme ingeokoa mikoa nao haujaangalia jinsi tawi linavyokufa. Haliuawi na aina ya kichwa. Linauawa na siku ambazo behewa linapotea. Mataruma yakioza, mwendo hupunguzwa hadi kilomita 20 au 15 kwa saa kwenye vipande vibovu. Treni iliyokuwa inakwenda na kurudi kwa siku moja sasa inahitaji mbili, na madereva hufikia ukomo wa saa zao za kazi njiani. Treni tatu kwa wiki huwa moja. Behewa lililokuwa likizunguka kwa siku kumi sasa linazunguka kwa thelathini, kwa hiyo unahitaji mabehewa mara tatu kubeba mzigo uleule, na huna. Mwenye ghala anaita lori. Mapato ya tawi yakishuka, kikosi cha matengenezo huhamishwa kwenda njia kuu, na mataruma huzidi kuoza. Umeme kwenye njia kuu haugusi hata hatua moja ya mzunguko huo.

Kuna kitu kilichoporwa pamoja na nyaya ambacho kwangu ni hasara kubwa kuliko umeme wenyewe: mfumo wa kuongoza treni kutoka kituo kimoja. Kebo zake zilikuwa shaba pia. Mfumo ukifanya kazi, mwongozaji mmoja anaona treni zote kwenye ubao, anageuza njia za kupishana kutoka mbali, na treni mbili zinapishana bila kusimama kwa muda mrefu. Ukifa, kila treni inapewa kibali cha mdomo kwa redio au simu, dereva anakiandika, anakisoma tena, msaidizi anashuka kugeuza njia kwa mkono. Uwezo wa njia moja hupungua sana, na usalama unategemea watu wawili waliochoka kutokosea namba moja. Kebo za nyuzi za kioo hazina shaba na mwizi hazimfai, ingawa huwa anazikata kwanza ndipo anagundua.

Mwaka 2018 NRZ ilipokodi vifaa kutoka Transnet ya Afrika Kusini, zilikuja injini 13 na mabehewa 200. Injini zote ni za dizeli. Hakuna waziri aliyesimama kutangaza kwamba umeme umeachwa rasmi, lakini orodha ile ya vifaa ilikuwa tangazo tosha. Mpango mkubwa wa mtaji wa dola milioni 400 uliokuwa umeambatana nao ulifutwa 2019.

Msomaji wa Dar es Salaam au Morogoro ana haki ya kuuliza kama haya yanamhusu. Kwa sehemu. SGR ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na nayo kwa sasa ni kisiwa, tena kisiwa chenye geji tofauti: mahali inapoishia, mzigo haubadilishiwi kichwa tu, unahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Tofauti kubwa iko kwenye umeme, kwa sababu bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeipa gridi nafasi ambayo Zimbabwe ya 2008 haikuwa nayo, na waya usiozimwa hauibiwi kirahisi. Kipimo cha kuangalia si idadi ya abiria wa sikukuu. Ni tani za mzigo kwa siku zinazopita chini ya nyaya, na saa ambazo nyaya zimekaa bila umeme kwa mwezi. Kenya ilianza na dizeli kwenye SGR yake mwaka 2017 na kuahirisha umeme. Imekwepa hatari hii kwa gharama ya kuendelea kununua mafuta, na kwa mzigo usiojaza njia huo si uamuzi wa kijinga.

Kwa Zimbabwe, kinachoweza kubadili hesabu kiko nje ya njia ya nyaya. Kiwanda kipya cha chuma cha Manhize, kilichoanza kuzalisha 2024, kiko jirani na Mvuma, mji ulio kwenye tawi la Gweru–Masvingo. Bikita, penye lithiamu, iko mashariki ya Masvingo, na madini hayo huenda bandarini kwa malori. Kwa hiyo tawi lililoandikiwa kufa ndilo lenye mteja mkubwa anayekuja, na njia kuu yenye nguzo tupu inasubiri kulishwa nalo. Mpangilio wa pesa unajieleza: kwanza mataruma na kokoto kwenye tawi hilo hadi treni ya tani 1,500 ipite kwa kilomita 50 kwa saa bila vikwazo, pili mfumo wa kuongoza treni kati ya Dabuka na Harare, kwa nyuzi za kioo na redio, tatu mabehewa. Nguzo na misingi iliyosalimika ipimwe, iandikwe na iachwe mahali pake, kwani haili kitu. Tani zikivuka milioni 6 kwenye njia ile, na gridi ikiweza kukaa mwaka mzima bila mgao, faili la 1983 lifunguliwe tena, safari hii likianza na swali la umeme utaishia wapi badala ya utaanzia wapi.